Si Warumi, si Wamisri: Waroma ni nani hasa?

Mashabiki wa ndondi wanamjua Tyson Fury kwa jina lake la ulingoni, Gypsy King, Mfalme wa Majipsi. Kwa wengi wetu huku Afrika Mashariki, hapo ndipo neno hilo lilipotuingia masikioni. Kumbe Fury anatoka kwenye ukoo wa Travellers wa Ireland, watu waliozoea kuishi kwenye misafara na kuhama wakifuata kazi, ambao asili yao ni Ireland hiyohiyo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta ni tawi la Wairishi lililojitenga na shina lake karne kadhaa nyuma. Wanaishi jirani na Waroma wa Uingereza, wanaoana nao mara mojamoja, wanafukuzwa kwenye viwanja vilevile, lakini ni watu wengine. Basi Jipsi mashuhuri kuliko wote duniani leo anabeba jina ambalo si la kwao, na ambalo hata Waroma wenyewe hawakujipa.

Kwa Kiswahili mkanganyiko unaongezeka. Ukitamka "Waroma", mwenye Biblia kichwani anawasikia Warumi walioandikiwa waraka na Paulo, na mfuatiliaji wa habari anadhani unawasema watu wa Romania. Si hao wala si hawa. Katika lugha yao, Kiromani, "rom" ni mwanamume wa jamii yao, au mume. "Romni" ni mke. Asiye wa kwao ni "gadjo", wingi wake "gadje". Jina hilo halikutoka Roma wala Romania. Wanaisimu wengi wanalihusisha na "dom", jina la tabaka moja la India lililojulikana kwa muziki na kazi za mikono, na wanaonyesha kuwa Mashariki ya Kati wapo Wadom na Armenia wapo Walom, kila kundi likiwa na lugha au mabaki ya lugha yenye mizizi ya Kihindi.

Nimeanza na majina kwa makusudi. Kwa watu hawa, karibu kila balaa ilitanguliwa na mtu fulani kuwaandika jina.

Mwaka 1417 makundi ya wasafiri yalianza kuonekana kwenye miji ya Wajerumani yakiwa na barua za ulinzi kutoka kwa mfalme Sigismund. Agosti 1427 kundi jingine likafika Paris. Viongozi wao walijitambulisha kuwa ni makabaila wa "Misri Ndogo", wakieleza kwamba wazee wao waliwahi kuiacha imani ya Kikristo na sasa wao wanazunguka miaka kadhaa kama mahujaji ili kutubu. Ulaya ya wakati ule ilimheshimu hujaji: ilimpa chakula, sadaka na njia ya kupita. Mimi naona walikuwa watu wenye akili, waliofika ugenini wakajieleza kwa lugha ambayo mwenyeji angeielewa. Kuna mahali karibu na bandari ya Modon, kusini mwa Ugiriki, palipoitwa Misri Ndogo na wasafiri wa enzi hizo, na huenda ndiko kisa kilikoanzia. Kutoka hapo Waingereza wakapata "Gypsy" na Wahispania "gitano", yote mawili yakiwa ni neno Mmisri lililokatwa mkia.

Majina mengine, "Zigeuner" la Kijerumani, "cigány" la Kihungaria, "tsigane" la Kifaransa, yametoka kwenye neno la Kigiriki "athinganoi", wasiogusa, jina la kundi la wazushi wa dini ambalo halikuhusiana nao kabisa. Wafaransa nao wakawaita watu wa Bohemia, kwa vile walipita huko. Ulaya ikawabatiza watu haohao mara tatu, na mara zote tatu ikakosea.

Halafu historia ikafanya mzaha wake. Kosovo, Masedonia Kaskazini na Albania leo wapo watu wanaojiita Wamisri, wanaosema Kialbania, wanaokataa katakata kuitwa Waroma, na walioanza kuhesabiwa kwa jina hilo kwenye sensa ya Yugoslavia ya 1991. Mwanahistoria atawaambia kuwa Misri hiyo ni kisa cha wasafiri wa karne ya 15. Wao watamjibu: wewe nani kakuuliza?

Hata waliobaki hawakubaliani wote kuitwa Waroma. Wasinti, ambao wameishi kwenye nchi za Wajerumani miaka 600, hujitenga na jina hilo, ndiyo maana Ujerumani husema rasmi "Wasinti na Waroma". Wapo Wakale wa Hispania na wengine wa jina hilohilo Finland. Wamanush wa Ufaransa. Wakalderash, ambao jina lao lenyewe linamaanisha wafua sufuria. Walovari waliouza farasi. Waislamu wa Balkani wanaoitwa Horahane. Na Wabeash, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiromania cha kizamani na hawajui Kiromani hata cha kuombea maji. Baraza la Ulaya hukadiria watu milioni 10 hadi 12 kwa ujumla wao. Anayekuambia "utamaduni wa Kiroma ni huu", mwulize kwanza: wa nani kati ya hao?

Lugha iliyotoa siri

Kwa zaidi ya miaka 300 tangu barua za Sigismund, Ulaya ilikisia tu: ni Wamisri, ni Waethiopia, ni Wayahudi waliojificha, ni majambazi waliojipaka rangi. Kisha mwaka 1782 msomi wa mji wa Halle, Johann Rüdiger, akafanya jambo ambalo ni ajabu halikufanywa mapema: alikaa na mzungumzaji. Mwanamke wa Kiroma aitwaye Barbara Makelin alimtafsiria sentensi moja baada ya nyingine, na Rüdiger akazilinganisha na sarufi ya Kihindustani iliyoandikwa na mmisionari. Zikafanana, maneno na sarufi. Sifa za ugunduzi huo kwa kawaida hupewa wanaume wasomi. Barbara huonekana kwenye tanbihi, akionekana.

Yeyote aliyekulia karibu na duka la Mgujarati Mombasa au Dar es Salaam angeweza kumsaidia Rüdiger. Kwa Kiromani maji ni "pani", pua ni "nak", sikio ni "kan", cheusi ni "kalo". Mgujarati atakuelewa bila mkalimani.

Lakini uhondo hasa uko kwenye hesabu. Mroma anahesabu "jekh, duj, trin, shtar, panj, shov", na mpaka hapo yuko India. Akifika saba anasema "efta", nane "ohto", tisa "enja", na hayo ni Kigiriki kitupu. Kumi anarudi India: "desh". Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi nasi tunahesabu moja mpaka tano kwa Kibantu, sita na saba tunamkopa Mwarabu, nane tunarudi nyumbani, tisa tunakopa tena, kumi tumerudi.

Katika miaka ya 1870 Franz Miklosich wa Vienna aliligeuza jambo hili kuwa mbinu. Maneno ya mkopo ni kama mihuri kwenye pasipoti. Kiromani kina tabaka la maneno ya Kiajemi, kisha ya Kiarmenia, kama "grast", farasi, kisha Kigiriki kwa wingi. Neno lenyewe la njia, "drom", ni la Kigiriki. Watu ambao dunia inawadhani wamezaliwa njiani walilikopa neno la njia. Maneno ya Kiarabu ni machache mno, kwa hiyo hawakukaa sana kwenye nchi za Waarabu. Hakuna msamiati wa Kituruki ulio wa pamoja kwa lahaja zote, kwa hiyo waliotangulia kuingia Ulaya waliondoka kabla Waosmani hawajajikita.

Tarehe nayo imo ndani ya sarufi. Lugha za kale za India zilikuwa na jinsia tatu za nomino. Ya tatu ilikufa katika lugha nyingi za kaskazini kuelekea mwaka 1000, na maneno yake yakagawanywa kwa mbili zilizobaki. Kiromani nacho kina mbili tu, na mgawanyo wake unafanana na wa wenzake walioachwa India. Maana yake wazee wa lugha hii walikuwa bado huko mabadiliko hayo yalipopita. Mwaka 1926 Ralph Turner akaongeza kipande kingine: Kiromani kilianzia India ya kati, kikakaa sana kaskazini-magharibi, ndipo kikatoka.

Mwaka 2012 watu wa vinasaba wakaingia. Uchunguzi wa Waroma kutoka makundi 13 ya Ulaya ulielekeza kaskazini-magharibi mwa India, takriban miaka 1,500 iliyopita. Pwani yetu inaijua hamu ya aina hiyo, maana mwaka 2023 vinasaba kutoka makaburi ya kale ya Waswahili vilipoonyesha mababu wa Kiajemi, kila baraza lilikuwa na la kusema. Angalia lakini: lugha inasema miaka kama 1,000, vinasaba vinasema 1,500. Si lazima mmoja awe mwongo. Kundi la watu linaweza kutengana na majirani zake kwa ndoa karne nyingi kabla ya kufungasha na kuondoka.

Ukoo wa lugha na ukoo wa watu

Hapa ndipo fikra inapoteleza, na wasomi wamelumbana hapa kwa miaka 40. Kujua Kiromani kilitoka wapi si sawa na kujua Waroma ni nani. Lugha ina ukoo wake na watu wana wao. Mamilioni ya watu wa Kongo, Uganda na bara la Tanzania wanasema Kiswahili bila babu hata mmoja wa Lamu au Kilwa.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza Judith Okely, katika utafiti wake uliotoka 1983, aliuliza: kwa nini tunamwona Jipsi wa Uingereza kuwa halisi pale tu anapokuwa na uhusiano na India? Alidai kwamba wengi wao huenda ni wenyeji waliojiunga na maisha ya barabarani mfumo wa zamani wa mashamba ya makabaila ulipovunjika, na kwamba lugha ingeweza kusambaa kwenye njia za biashara kwa mtindo wa lugha za sokoni. Mholanzi Wim Willems akaenda mbali zaidi. Yeye alisema wazo lenyewe la "taifa moja la Majipsi" lilitungwa kwa wino, na mtungaji mkuu alikuwa Heinrich Grellmann, ambaye kitabu chake cha 1783 kilikusanya makundi yasiyofanana chini ya mwavuli mmoja. Grellmann huyohuyo alirudia uzushi wa ulaji watu. Mwaka 1782, huko Hungaria, Waroma zaidi ya 40 walinyongwa au kuuawa kikatili baada ya kuteswa mpaka wakakiri kula watu; tume ya mfalme Joseph wa Pili ikaja kubaini kuwa wale wanaodaiwa kuliwa hawakuuawa na mtu. Kitabu kikaendelea kuchapishwa na kutafsiriwa. Rüdiger, aliyeshutumu wazi namna Waroma walivyotendewa, akasahaulika.

Wanaisimu walimjibu Okely kwa hoja ambayo binafsi naiona nzito. Lugha ya sokoni husafiri na maneno. Haisafiri na vitenzi vinavyonyambulika kwa mtindo wa kale wa India wala na mfumo mzima wa vikomo vya nomino. Vitu hivyo hurithiwa mtoto akiwa mgongoni. Yaron Matras, mmoja wa wanaisimu wakubwa wa Kiromani, amesisitiza hilo kwa miaka mingi.

Lakini Okely naye hakuwa anaota. Waroma wa Uingereza leo hawasemi Kiromani kamili. Wanasema Kiingereza kwa sarufi yote, wakichomeka msamiati wa Kiromani pale wanapotaka kusikilizana wao kwa wao. Wakale wa Hispania wamefanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Wataalamu wanapotafuta mfano wa kulinganisha na hali hii, mara nyingi huja Tanzania, kwenye milima ya Usambara, kwa Wambugu. Wambugu wana namna ya kusema ambayo sarufi yake ni ya Kibantu, karibu sawa na Kipare, lakini maneno mengi ni ya Kikushi. Majirani zao Wasambaa wanaikuta sarufi wanayoifahamu imejaa maneno wasiyoyajua. Katika maandishi ya isimu, Mmbugu wa Lushoto na Mroma wa Uingereza wamekaa sura moja, kwa sababu wamefanya jambo lilelile: wameacha lugha ya wazee iende, wakashika maneno yake kama alama ya kujitambua.

Swali la kwa nini waliondoka India nalo lina siasa zake. Mwandishi wa Kiajemi wa karne ya 10, Hamza wa Isfahan, alisimulia wanamuziki 12,000 walioletwa kutoka India na mfalme Bahram Gur. Wengine wakawataja Wazutti, watu wa asili ya India waliokaa kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki na kuasi mpaka wakahamishwa mwaka 834. Ni mabwawa yaleyale ambako Wazanji waliasi mwaka 869. Ni kisa kitamu, ila kama Wazutti wangekuwa ndio wazee, Kiromani kingejaa Kiarabu. Ian Hancock, msomi wa Kiroma aliyezaliwa London na kufundisha Texas, ametetea nadharia nyingine, kwamba chimbuko ni mkusanyiko wa askari na wafuasi wao waliopambana na Mahmud wa Ghazni, sultani aliyeivamia India, mwanzoni mwa karne ya 11. Matras na wenziwe wanabaki na wahunzi na wanamuziki wa tabaka la Wadom. Ushahidi wa moja kwa moja wa askari haupo. Ila naelewa mvuto wake. Nani asiyependa babu aliyeshika upanga?

Na India yenyewe ina ncha mbili. Kongamano la kwanza la Waroma duniani lilikutana Orpington, karibu na London, Aprili 1971, likachagua jina Roma badala ya Jipsi, na bendera ya buluu na kijani yenye gurudumu jekundu linalofanana na lile la bendera ya India. Mwaka 2016 waziri wa mambo ya nje wa India, Sushma Swaraj, aliwaita Waroma watoto wa India. Yanapendeza. Tatizo ni kwamba mbaguzi wa Bratislava au Budapest naye anakubaliana na Swaraj: kama ni Wahindi, wanafanya nini hapa? Kumbe familia ya Kisinti ina miaka mingi Ujerumani kuliko dini ya Kilutheri.

Karne hizo sita ndizo zilizowaunda kuliko India. Kwenye falme za Wallachia na Moldavia, ambazo leo ni sehemu ya Romania, Waroma walikuwa watumwa, na si kwa mfano wa maneno. Hati ya 1385 inataja familia 40 zilizotolewa kwa monasteri. Walimilikiwa na watawala, na makanisa na makabaila, wakauzwa na kurithishwa, mpaka Moldavia ilipofuta mfumo huo mwaka 1855 na Wallachia mwaka 1856. Fidia ililipwa kwa mabwana. Wazanzibari wanaokumbuka agizo la 1897 la kufuta utumwa hawatashangaa.

Jina kwenye faili

Juni 9, 1933, kijana wa Kisinti, Johann Trollmann, jina la utani Rukeli, alipigania mjini Berlin ubingwa wa Ujerumani wa uzito wa juu mwepesi. Alicheza kwa miguu, akikwepa na kudungadunga, mtindo ambao tungeuona kwa Muhammad Ali miaka 30 baadaye. Waamuzi walitaka kumnyima ushindi, ukumbi ukachachamaa, wakamvisha taji. Siku chache baadaye wakampokonya kwa barua. Pambano lililofuata aliingia ulingoni kapaka nywele rangi ya dhahabu na mwili mzima unga mweupe, akasimama katikati bila kukwepa, akapigwa mpaka akaanguka raundi ya tano. Mnataka Mjerumani halisi? Huyu hapa. Alifungwa kizazi kwa amri ya sheria, akapelekwa jeshini, akafukuzwa jeshini, na mwaka 1944 akauawa kwenye tawi la kambi ya Neuengamme. Shirikisho la ndondi lilirejesha taji lake mwaka 2003.

Wanazi walijuaje nani Msinti? Wasomi waliwaambia. Polisi wa Munich walikuwa na ofisi ya kuwaorodhesha "Majipsi" tangu 1899. Mwaka 1936 daktari Robert Ritter akapewa kituo cha utafiti Berlin, na yeye na wasaidizi wake wakazunguka kwenye misafara na vijiji wakipima vichwa, wakichukua damu na kuchora miti ya ukoo. Msaidizi wake Eva Justin alijifunza Kiromani, na Wasinti wakampa jina, Lolitschai, msichana mwekundu, kwa ajili ya nywele zake. Alikaa nao, akawauliza bibi yako nani, shangazi kaolewa wapi. Kila jibu likawa faili. Zilifika zaidi ya 20,000.

Ritter alikuwa na tatizo dogo la nadharia. Wanaisimu walishathibitisha kuwa Kiromani ni lugha ya familia ya Kiaria, na Waaria ndio waliokuwa wakitukuzwa na Wanazi. Akalitatua kwa kutangaza kuwa zaidi ya asilimia 90 ya Majipsi wa Ujerumani ni machotara, na uchotara ndio uhalifu wao. Ugunduzi wa Barbara Makelin na Rüdiger, uliofanywa kwa kukaa na kusikilizana, ulikunjwa mpaka ukaingia kwenye hukumu ya kifo. Agizo la Desemba 1942 likaamuru wapelekwe kambi ya mauaji ya Auschwitz. Watu kama 23,000 waliingizwa kwenye sehemu yao ya Birkenau, na usiku wa Agosti 2, 1944 waliosalia, zaidi ya 4,000, waliuawa kwa gesi. Kwa Ulaya nzima makadirio huanzia watu 200,000 na kufika 500,000. Justin aliandika tasnifu yake ya udaktari kwa kuwachunguza watoto wa Kisinti kwenye makao ya Mulfingen. Alipomaliza, watoto 39 walipakiwa kwenda Auschwitz. Wanne walirudi.

Baada ya vita Ritter alipata kazi ya udaktari wa watoto Frankfurt, na Justin akaajiriwa mji huohuo. Hakuna aliyefungwa. Mwaka 1956 mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwa kabla ya 1943 Majipsi waliteswa kwa uhalifu wao, si kwa kabila lao, hivyo fidia hawana. Serikali ilikiri mauaji ya kimbari mwaka 1982. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1981, wanaharakati 18 wa Kisinti waliingia kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Tübingen na kukaa chini, kwa sababu mafaili ya Ritter yalikuwa humo, na watafiti waliendelea kuyatumia kama data. Siku hiyohiyo yalihamishiwa kwenye hifadhi ya taifa.

Nani anashika kalamu

Ukijua habari ya Lolitschai, utaelewa kilichompata Papusza. Bronisława Wajs, kwa jina la kwao Papusza, alikuwa mshairi wa Kiroma wa Poland aliyejifunza kusoma mwenyewe. Mwaka 1950 mshairi wa Kipoland Jerzy Ficowski, aliyesafiri na ukoo wake, alichapisha tungo zake, akaunga mkono pia mpango wa serikali wa kuwakalisha Waroma mahali pamoja. Wazee wakamshtaki Papusza kwa kutoa siri kwa gadje. Alitengwa. Alizichoma kazi zake nyingi, akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akaishi kwa upweke mpaka kifo chake mwaka 1987. Ficowski alimpenda na alijuta. Mtu anaweza kuandika juu yako kwa mapenzi yote na bado akakuharibia.

Kwa karibu karne nzima elimu hii ilikuwa uwanja wa mabwana wenye nafasi. Chama chao, Gypsy Lore Society, kilianzishwa Uingereza mwaka 1888, na ni kweli walihifadhi nyimbo na lahaja ambazo zingepotea. Walitafuta pia "Jipsi safi", na walipomkosa wakalaumu gari la moshi na shule. Siku hizi wasomi wa Kiroma, kama Hancock, Ethel Brooks na Angéla Kóczé, wanauliza kwa nini wao wawe watoa habari milele. Mwaka 2017 taasisi ya Kiroma ya sanaa na utamaduni ilifunguliwa Berlin, na kabla haijafunguliwa wasomi wa gadje walikuwa wameshaonya kuwa ukabila usichukue nafasi ya ushahidi. Hoja ina uzito, ila ingesikika vizuri zaidi kama ushahidi ungekuwa na historia safi. Mwaka 2021 watafiti waliopitia mamia ya machapisho ya vinasaba walikuta damu ya Waroma imechukuliwa bila ridhaa ya kueleweka, nyingine kutoka magerezani, na ikaendelea kutumika miaka mingi.

Ndiyo maana sensa haiwezi kutegemewa. Romania ilihesabu Waroma 569,477 mwaka 2021, wakati Baraza la Ulaya linakadiria wanakaribia milioni 1.85. Karani anapogonga mlango na kuuliza kabila, kuna bibi anayekumbuka mara ya mwisho walipoulizwa.

Mei 19, 1944, kwenye kambi ya Westerbork, Uholanzi, mfungwa wa Kiyahudi aitwaye Rudolf Breslauer aliamriwa kupiga filamu ya treni inayoondoka kwenda Auschwitz. Katika sekunde chache za filamu hiyo, msichana mwenye kitambaa kichwani anachungulia kwenye mwanya wa mlango wa behewa. Picha yake ilizunguka dunia nzima ikiwa alama ya Mayahudi waliouawa, na kwa miaka 50 hakuna aliyeuliza zaidi. Mwaka 1994 mwandishi wa habari Aad Wagenaar alifuata namba za mabehewa mpaka akamkuta Crasa Wagner, Msinti aliyekuwa ndani ya behewa hilo na akanusurika. Kwenye karatasi za serikali mtoto yule, mwenye umri wa miaka 9, ni Anna Maria Steinbach. Crasa alikumbuka mama akimwita atoe kichwa mlangoni kisije kikabanwa. Alimwita Settela.